Tata Raphaël alituletea mpira, lakini ufunguo alibaki nao

Huku kwetu Masisi na Walikale, ukitaka watu wagombane bila pombe, uliza tu: ekipe hii ni ya nani? Sisi wenyewe tuliulizana swali hilo, watu wa sendika ya machimbo pamoja na suporteri wa ekipe moja ya wachimbaji. Mnunuzi mmoja wa madini alikuwa amewanunulia vijana nguo za kuchezea, mipira mitatu, na mafuta ya lori la kuwapeleka kwenye mechi. Tulimpigia makofi, hatukatai. Halafu siku moja kapiteni akasimama mbele ya wachimbaji wenzake na kuuliza juu ya bei ya kilo na juu ya mzani. Jumapili iliyofuata hakupangwa. Jumapili ya pili wakamnyang'anya namba yake. Mnunuzi akatuma neno kwamba ekipe ni mali yake, na asiyependa atafute ekipe ingine.

Tukagawanyika. Wamoja walisema tusikanyage tena kiwanjani, mpaka aone vile mpira unakuwa bila watu. Wengine walisema tunyamaze, maana nani atalipa lori? Vijana wachache walitaka mawe. Katikati ya makelele, mzee mmoja aliyesoma zamani kwa mapadri alitukumbusha jina la Tata Raphaël. Wengi wetu tulijua tu kwamba ni jina la uwanja kule Kinshasa. Mtu mwenyewe hatukumjua. Njo maana tumetafuta maisha yake na kuyaandika hapa, kwani ugomvi wetu ni mdogo, lakini yeye aliupitia ukiwa mkubwa, na mji mzima ulikuwa ndani.

Jina lake kamili ni Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Alizaliwa mwaka 1890 huko Sint-Michiels, karibu na mji wa Bruges, Ubeljiji, katika jamaa ya watu wa ukoo mkubwa. Angeweza kuishi kwa raha ya kwao. Akachagua upadri katika shirika la Scheut, ambalo mapadri wake walikuwa tayari Kongo tangu 1888. Mwaka 1917, Ulaya ikiwa bado inaungua kwa vita kubwa ya kwanza, yeye akafika Léopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa.

Wakati ule haukuwa bado mji mkuu. Serikali ya koloni ilikaa Boma. Kinshasa ilikuwa bandari ya mto, maghala, viwanda na makambi ya wafanyakazi. Vijana waliletwa kutoka juu ya mto na kutoka Kongo ya chini, wengi bila bibi, bila wazazi, bila mtu wa kuwauliza wamelala wapi. Sisi wa machimbo tunafahamu hali hiyo. Ni sawa na Rubaya au Njingala wakati madini yanapotoka vizuri: vijana elfu wanafika na mashoka na masururu, na siku ya Jumapili hawana kazi.

Padri Raphaël aliiona ile Jumapili. Kwanza alifungua masomo, maana kazi yake ya siku zote ilikuwa ualimu. Katika masomo ya Mtakatifu Yosefu na mengine aliyoyaongoza, watoto weusi wa Léopoldville walijifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na Kifaransa, na wengi wakatoka humo kuwa makarani wa serikali na wa makampuni. Baada ya masomo aliwatoa nje. Aliwafundisha jimnastiki, skauti, kuogelea na, zaidi ya yote, mpira wa miguu. Mwaka 1919 akaanzisha chama cha michezo cha Wakongomani, kile ambacho baadaye kilijulikana kama Association Royale Sportive Congolaise, ARSC. Ekipe zikaandikwa, kukawa na kalenda ya mechi, na kombe, na adhabu kwa wanaopigana. Ule mpira uliokuwa wa kukimbizana mavumbini ukawa na utaratibu.

Wanaomkumbuka wanasema alikuwa mtu asiyetulia, anaamka na mradi na kulala na mradi mwingine. Watu wa mji wakamwita Tata, maana yake baba kwa Kilingala. Jina hilo hapewi mtu bure. Lakini tulishike vizuri, maana maneno yote ya habari hii yamo ndani yake. Baba analisha, anafundisha, anatetea. Baba vilevile anaamua peke yake, na mtoto hamwulizi pesa zimekwenda wapi.

Tuseme wazi koloni ilitaka nini katika mpira. Wazungu walikuwa na ekipe zao na mashindano yao. Weusi walikuwa na ya kwao, chini ya ulezi wa mapadri. Serikali iliogopa pombe, iliogopa ngoma za usiku, na zaidi iliogopa vyama vya watu wanaokutana bila mzungu ndani. Mtu aliyechoka kwa kupiga mpira na kupiga makelele hakuwa na nguvu ya kufanya siasa. Hivyo ndivyo walivyofikiri. Makampuni nayo yalifikiri vile. Union Minière kule Katanga iliwapa wafanyakazi kambi, zahanati, masomo ya watoto na kiwanja cha mpira, yote katika mkono mmoja. Na mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Élisabethville walipogoma kwa sababu ya mshahara mdogo, walikusanyika wapi? Kiwanjani, pale pa mpira. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi palepale, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea, akafa pamoja na makumi ya wenzake. Sisi wa sendika hatuwezi kuandika juu ya mpira wa Kongo na kuruka ile siku. Kiwanja kilikuwa zawadi ya kampuni mpaka dakika ile watu walipokitumia kusema neno lao.

Hatusemi kwamba Padri Raphaël alikuwa na moyo wa wale waliopiga risasi. Yeye alikuwa mtu wa kujenga. Mwaka 1925 aliwakusanya waliotoka katika masomo ya mapadri wa Scheut na kuwaundia chama, ADAPES. Ilionekana jambo dogo: wazee wa masomo wanakutana, wanacheza, wanasaidiana. Lakini mle ndani watu walijifunza kuandika ajenda, kupiga kura, kutunza daftari la pesa, kumpinga mwenzao kwa heshima. Jean Bolikango, aliyesoma na kufundisha katika masomo hayo, aliongoza chama hicho miaka mingi. Joseph Kasa-Vubu alipitia humo pia kabla ya kujulikana. Mwaka 1946 Kasa-Vubu alisimama mbele ya wasomi wenzake na kueleza haki ya yule aliyetangulia kukaa kwenye ardhi. Swali lake lilikuwa lile letu, ila yeye aliuliza juu ya nchi: hii ni ya nani?

Kwenye mpira swali lilikuwa limekwisha kutokea. Mwaka 1935 Mkongomani mmoja, Honoré Essabe, alianzisha ekipe aliyoipa jina Renaissance, yaani kuzaliwa upya. Ekipe hiyo ilibadili majina, ikaitwa Diables Rouges, halafu Victoria Club, na leo ni AS Vita Club, ile watu wa Kinshasa wanaiita V.Club. Mwaka uliofuata, 1936, Padri Raphaël naye alianzisha Daring Faucon, ambayo leo ni Daring Club Motema Pembe, ile ya rangi ya kijani na nyeupe. Wapenzi wa mpira mnajua vile hao wawili wakikutana mji unasimama. Lakini tazameni asili yao. Moja ilizaliwa mkononi mwa mwenyeji, ingine mkononi mwa mmisionari. Na leo hakuna suporteri wa Daring anayesema ekipe yake ni ya mapadri. Watu waliichukua kwa kuimba, kwa kulia, kwa kulipa mlangoni kila Jumapili, mpaka ikawa yao bila mtu kuwaandikia hati.

Basi mpira ukajaa mji, na viwanja vya mavumbi havikutosha. Padri Raphaël akahangaika mpaka vikajengwa vingine. Mwaka 1937 ukafunguliwa uwanja wa Reine Astrid, ambao leo una jina la Kardinali Malula. Mwaka 1952 ukafunguliwa uwanja mkubwa kuliko huo, Roi Baudouin, wa kuweka makumi elfu ya watu. Mtu aliyefika Léopoldville akiwa padri kijana, na watoto wanacheza miguu mitupu, sasa alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60 akitazama umati ambao Afrika yetu haikuwa imezoea kuona. Kwa kazi ya mikono ya mtu mmoja, ni kubwa sana. Tunavua kofia.

Lakini mpaka hapo, hatamu za mpira wa weusi zilikuwa bado kwa mapadri na wazungu. Wakongomani walicheza, walilipa, walipanga ekipe zao za kartie, walikuwa na makarani wenye kuandika barua nzuri kuliko wazungu wengine. Kiti cha juu hakikuwa chao. Miaka 30 na zaidi ya kufundisha, na wanafunzi walikuwa bado wanafunzi. Hapo njo tunaona kosa la baba mwema: anamfundisha mtoto kutembea, halafu anashangaa mtoto akitaka kwenda.

Yeye hakuishi kuona mwisho wake. Alikufa Ubeljiji mwezi wa 6 mwaka 1956, akiwa na miaka 65. Alikuwa ameitumikia Léopoldville karibu miaka 40.

Mwaka mmoja tu baadaye, mwezi wa 6 mwaka 1957, ekipe ya Ubeljiji, Union Saint-Gilloise, ilikuja kucheza Léopoldville, katika ule uwanja wa Roi Baudouin. Arbitri alikuwa Mbeljiji. Watu waliona anapiga filimbi upande mmoja. Walipotoka, hasira ikatoka nao. Magari ya wazungu yakapigwa mawe, watu wakaumia. Magazeti ya koloni yalisema ni ushabiki wa mpira. Kumbe arbitri alikuwa mlango tu. Watu walikuwa wanakataa kwamba anayeleta mpira, anayemiliki kiwanja, anayecheza na anayepiga filimbi wawe daima upande mmoja.

Halafu tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1959, siku ya Jumapili. Chama cha ABAKO cha Kasa-Vubu kilikuwa kimeita mkutano, na serikali ikaukataza. Watu waliokusanyika wakaghadhibika. Saa zilezile suporteri walikuwa wanatoka uwanjani, ambako V.Club ilikuwa imeshindwa na Mikado. Mito miwili ikakutana: wale wa siasa na wale wa mpira. Mji ukawaka siku kadhaa. Serikali ya koloni ilihesabu wafu 49, na wakazi wa mji wameshikilia siku zote kwamba walikuwa wengi kuliko hao. Siku ya 13 ya mwezi uleule, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Kongo itaelekea uhuru. Uhuru wenyewe ukafika tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, na Kasa-Vubu, yule wa ADAPES, akawa prezidenti wa kwanza.

Hivyo uwanja uliojengwa ili vijana wasiingie siasa ulikuwa mmoja wa milango waliyoingilia. Hatujui kama Tata Raphaël angelia au angecheka. Tunajua tu kwamba mbegu zilikuwa zake pia.

Je, baada ya wazungu mpira ukawa wa watu? Tusijidanganye. Mwenye ufunguo alibadilika tu. Uwanja ukapewa jina la 20 Mei, tarehe ya chama cha Mobutu, na ni humo Ali alimwangusha Foreman usiku wa 30 mwezi wa 10 mwaka 1974. Mwaka uleule Léopards walishinda kombe la Afrika, wakapewa nyumba na magari, wakaenda Kombe la Dunia kule Ujerumani. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, kwamba walitaka kukataa kuingia kiwanjani. Wakaingia moyo ukiwa umevunjika, na Yugoslavia ikawafunga 9 kwa 0. Dunia ikawacheka. Sisi wachimbaji hatuwacheki. Mtu akikupa gari mbele ya kamera na kukunyima mshahara nyuma ya mlango, tunajua vile miguu inakuwa mizito.

Mwaka 1997, Mobutu alipoanguka, uwanja ukaitwa Tata Raphaël. Katika nchi iliyofuta majina mengi ya wazungu, hilo limebaki mpaka leo. Watu walipima. Walikumbuka kwamba yule mzungu alikaa nao, alifundisha watoto wao, na hakuondoka na madini mfukoni. Heshima yake wamempa. Lakini kumpa mtu jina la uwanja si kumrudishia ekipe.

Sasa turudi huku kwetu milimani.

Tulipomaliza kusoma maisha haya pamoja na suporteri, kelele zilipungua. Tuliona mambo matatu. Jambo la kwanza, aliyeleta mpira anastahili asante, na asante ni asante, si hati ya kununua watu. Kama Padri Raphaël, aliyetoa karibu miaka 40 ya maisha yake, hakuweza kubaki mwenye Daring, mtu aliyetoa mipira mitatu na mafuta ya lori atabakije mwenye ekipe yetu? Jambo la pili, mawe ya 1957 yalieleza hasira lakini hayakuleta daftari la pesa mezani. Na sisi katika Masisi na Walikale, mahali ambapo silaha ziko karibu kuliko kalamu, jiwe moja linaweza kuita risasi kumi. Jambo la tatu, waliokwenda mbali ni wale waliojifunza katika ADAPES kuandika na kupiga kura.

Na karatasi iko. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001 inahusu vyama visivyotafuta faida, vile tunaita ASBL, na vilabu vingi vya nchi hii vimeandikwa hivyo. Chama cha namna hiyo hakina mwenye mali. Kina wanachama, na mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye neno la mwisho. Anayetoa pesa ni mtoaji, na akitaka kuongoza, achaguliwe. Ni sawasawa na kooperative za wachimbaji, ambazo sheria ya madini inataka ziwe za wachimbaji wenyewe. Wangapi kati yetu tumeingia kooperative yenye majina yetu mia kwenye orodha na mtu mmoja kwenye benki? Tukishindwa kuuliza kwenye mpira, ambako hakuna anayekufa njaa, tutaulizaje kwenye shimo?

Kuna lingine linalotuuma. Vita vimetutawanya mara nyingi. Katika ekipe hii walicheza vijana Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watembo, Watutsi na Wakumu, na kapiteni alikuwa yule wote waliokubali kumsikiliza. Mahali pa namna hiyo huku kwetu panahesabiwa kwa vidole. Ekipe ikivunjika kwa sababu ya mtu mmoja aliyeulizwa juu ya mzani, hatutapoteza mpira peke yake.

Basi tuliamua, kwa kupiga kura, mikono juu, chini ya mti. Hakutakuwa mawe. Hakutakuwa vilevile kukimbia kiwanja, maana kiwanja ni chetu na anayekimbia anaacha ufunguo mlangoni. Tumeandika barua kwa komite, tukiomba mambo manne: kuona statuti za ekipe, kuona daftari la pesa zilizoingia na zilizotoka, mkutano mkuu wa wanachama, na kapiteni arudishiwe namba yake mpaka mkutano huo uamue. Mwanzoni mwa barua tumemshukuru mnunuzi kwa nguo, mipira na mafuta, kila kitu kwa hesabu yake. Suporteri 61 wametia saini, na wasiojua kuandika wameweka kidole.

Jibu halijafika. Jumapili tutakuwa kiwanjani kama kawaida, upande ule kapiteni anaposimama na nguo zake za nyumbani, na lori tumeanza kulichangia sisi wenyewe.